Unaenda maonyesho ya shanga na hauuzi kitu? Fanya hivi

Kitu ya kwanza utaulizwa ukiingia tu langoni ni "dada, meza yako iko wapi?" juu hapa kwetu watu wamezoea mtu akishika shanga lazima awe anauza. Ukisema huna meza, wewe unashona tu jioni ukitoka kazi kwa sababu inakutuliza, wanakuangalia kama mtu amepanda matatu bila kujua inaenda wapi. Usione haya. Mimi nashona hapa Kisumu mwaka wa saba huu, nimeuza hereni pea mbili tu maisha yangu yote na moja ilirudishwa, na bado hakuna siku napenda kama ya maonyesho. Lakini ile ya kwanza niliiharibu kabisa, nilirudi na karibu kilo mbili za shanga sikuwa nahitaji na sikujifunza hata kitu moja, ndio maana naandika hii.

Kwanza ujue unaenda kufanya nini. Shanga unaweza kuagiza kwa simu na zikakufikia na parcel kesho yake. Kuna vitu viwili tu simu haiwezi kukuletea: rangi ya ushanga venye inakaa kwa jua, na mtu wa kukushika mkono akuonyeshe hapo ndipo unakosea. Panga siku yako kwa hizo mbili. Kununua kutajipanga kwenyewe, amini mimi, hakuna mtu alienda maonyesho ya shanga akasahau kununua.

Na usitegemee kitu kikubwa kama ya wazungu. Kule Marekani kuna mji unaitwa Tucson, Arizona, kila mwaka Januari kuingia Februari watu wa mawe na shanga wanajaza mji mzima, hoteli, hema, kila mahali, na ilianza 1955 ndani ya shule ya msingi. Yetu mara nyingi ni gadeni ya hoteli ama holi ya kanisa, meza ishirini, thelathini hivi, spika moja inapiga kelele. Mimi naona hiyo ni afadhali, unamaliza mzunguko nusu saa na muda wote unaobaki ni wa kuongea na watu.

Sasa matayarisho. Wiki moja kabla, mwaga stoku yako yote kwa meza uone uko na nini, utashangaa. Mimi nilipata pakiti nne za bluu ile ile. Halafu chukua kadi ngumu, hata ya boksi la sabuni, ushonelee shanga tano tano za kila rangi unataka kuongezea, na chini uandike saizi. Hiyo kadi ndiyo utaingia nayo. Usiende na picha ya simu, picha inadanganya, nyekundu ya damu inatokea kama ya nyanya.

Kama saizi bado zinakuchanganya: namba ikipanda ushanga unapungua. 6/0 ni kama milimita 4, 8/0 kama 3, 11/0 ni 2 hivi na ndiyo wengi wetu tunatumia, 15/0 ni vumbi, hiyo ni ya watu wenye macho ya tai. Sindano nazo hivyo hivyo, namba 12 ni nyembamba kuliko 10. Na 11/0 ya kampuni moja si lazima ilingane na 11/0 ya nyingine. Za Kicheki ziko na umbo la mviringo na hazilingani sana, za Kijapani kama Miyuki na Toho zimelingana zaidi, na zile Delica za Miyuki ni kama vipande vidogo vya bomba. Ukichanganya Delica na za mviringo kwa bangili moja ya peyote, ule mshono wa kupishanisha shanga, bangili inapinda kama chapati imeachwa kwa jua. Niulize mimi.

Kuhusu klasi, zile za kulipia zinazofundishwa hapo kwa maonyesho, chagua moja tu, na iwe ya asubuhi. Mchana umechoka, macho yamechoka, na mwalimu pia amechoka kuulizwa. Soma vizuri inahitaji nini: ni ya wanaoanza ama inadhani peyote unaijua tayari, vifaa viko ndani ya bei ama unajiletea. Mimi mara ya kwanza nililipia klasi ya kushona kamba ya duara, ile ya mshono unaitwa herringbone, juu ya picha nzuri tu, na sikuwa najua hata kuanza safu ya kwanza. Masaa mawili nilikuwa nafumua, jirani anashona, nafumua, jirani anashona, mwalimu akaniambia kwa upole, "mami, wewe angalia tu leo." Nililipa ili kuangalia. Kwa hivyo kabla ulipe, piga simu uulize swali moja, mtu akitaka kuifuata hii klasi anafaa kuwa ameshashona nini.

Kwa begi weka makasi kidogo kali, sindano zako mwenyewe, miwani ya kusomea hata kama unajidanganya huihitaji, kipande cha blanketi ya mtoto cha kumwagia shanga zisikimbie, ziploki tupu, maka peni, rula, sumaku ndogo, kitambaa cheupe, taa ndogo kama unayo, maji, na chakula juu foleni ya chapo hapo saa saba ni kitu kingine. Uzi pia beba wako. Hapa Kisumu tuko na bahati, duka za vifaa vya uvuvi zimejaa uzi, na hata FireLine ambayo washonaji wa kule nje wanaisifu ilianza kama uzi wa kuvulia samaki. Lakini chukua ule wa kusukwa. Ile nailoni moja inayoonekana kama kioo inavutika, jua likiipiga miezi kadhaa inakauka na kukatika, na mkufu unamwagikia mtu kanisani katikati ya sala.

Kama unatoka huku ziwani na maonyesho yako Nakuru, toka na gari la saa kumi na moja alfajiri na usibishane. Ni Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit, Salgaa, masaa manne hivi kama hakuna trela imelala barabarani. Na ubebe sweta! Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari na Nakuru wako kama 1,850, asubuhi vidole vinakufa ganzi na mtu aliyekufa ganzi hawezi kuingiza uzi kwa sindano namba 12.

Pesa nagawa mara nne kabla nitoke kwa nyumba. Mwaka jana nilikuwa na 6,000 yote: 2,000 ya fea na boda, 1,500 ya klasi, 500 ya kula, 2,000 ya shanga. Ya shanga naitoa keshi, noti ndogo ndogo, ikiisha imeisha. Wacha kulipa kila kitu na simu, sio tu sababu ya netiwaki kulala watu wakijaa, ni kwamba simu haikuonyeshi vile pesa inaisha, halafu kuna Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, hapo inakutabasamia.

Umefika. Mzunguko wa kwanza usinunue kitu. Kitu, hata kama ni ya mwisho. Tembea, salimia watu, uliza bei, andika. Mzunguko wa pili ndio wa kutoa kadi yako, na hapa usione aibu hata kidogo, omba muuzaji utoke na kamba moja nje ya hema. Hema la bluu linafanya nyeupe ikae bluu, taa za holi zinafanya njano zote zifanane. Muuzaji mzuri atakubali, ama atatoka na wewe. Akikataa katakata, songa meza ingine.

Sasa pima. Glasi ikishikwa ni baridi na nzito, plastiki inapata joto la mkono haraka na ukiigonga kwa jino inalia kivivu. Lowesha kile kitambaa cheupe na maji, sugua ushanga mmoja, na kama muuzaji amekubali weka tone la rimuva ya kucha. Ikiacha rangi, hiyo ilipakwa tu, na jasho la Kisumu litaimaliza kabla Ijumaa. Zile za kung'aa kama dhahabu ndizo zinadanganya sana, nunua kidogo kwanza uvae wiki moja. Tazama matundu, ukiona mengi yameziba ama yana makali, uzi wako utakatwa kutoka ndani. Kwa vitu vya metali toa sumaku: shaba na fedha haishiki, ikishika ujue ndani ni chuma kimepakwa. Sumaku lakini haiwezi kukuambia kama ni fedha ama shaba, hapo mtu asikudanganye. Na ndoano za hereni uliza kama ziko na nikeli, kuna masikio hayaitaki kabisa, yanawasha na kutoa maji.

Bei linganisha kwa gramu, chupa mbili zinaweza kufanana kwa macho na moja iko na gramu 10 na ingine 7. Za Kicheki zinakuja kwa fungu, kawaida kamba 12, hesabu mwenyewe. Kubishana bei ya shanga za dukani ni sawa, sema "mama niongezee kamba moja" badala ya kumvuta chini sana, wengi wanaongeza. Lakini mtu ameketi siku tatu anashona mkufu kwa mkono halafu unamwambia "hiyo hata mimi naweza", hapana, hiyo ni tabia mbaya, na wewe mshonaji ndiye unajua kabisa ilichukua nini.

Angalia pia vitu vya karibu na nyumbani. Shanga za mawe ya sabuni kutoka Tabaka kule Kisii ni nzuri na laini lakini zinakwaruzika, usizichanganye na chuma. Pembe na mfupa nusa, ikiwa na harufu bado haijasafishwa vizuri. Za karatasi zibonye na kucha, kama vanishi inanata bado ni mbichi. Za udongo kama zile za Kazuri, karakana iliyoanza Karen kule Nairobi 1975, ni nzito, zipe waya wala si uzi mwembamba. Na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, nzuri ajabu, ziache. Ndani kuna sumu kali, usizitoboe, na usipeleke nyumba yenye mtoto anayeweka kila kitu mdomoni.

Halafu tafuta kina mama wa Kimaasai. Nakuru hawakosi, Narok ni hapo tu. Wengine wanapita meza yao juu hawauzi pakiti za kupendeza, na hao ndio wanajua kazi. Shanga nyingi za glasi kwa mikufu yao zimekuwa zikitoka mbali, kule Jablonec nad Nisou nchi ya Czech, lakini kupanga rangi na kubeba mviringo mpana bila kupinda, hiyo ni ya mikono yao. Usisimame juu yao na kamera. Salimia, nunua kitu hata kidogo, omba ukae. Mimi nilikaa na shosho mmoja dakika arobaini, Kiswahili chake kidogo na Kimaa changu hakuna, akachukua bangili yangu akaigeuza akacheka, akasema, "Unavuta uzi kama unafunga ng'ombe." Akafumua safu mbili, akashona polepole nikiona kidole chake kinaachia uzi kidogo kabla ya kuvuta. Hiyo tu. Miaka mitano bangili zangu zilikuwa ngumu kama ukuta na hakuna video iliniambia ni kidole. Nilimpa mia mbili ya chai, akakataa, nikanunua mkufu.

Picha omba kwanza, kwa kila mtu, na ukiambiwa hapana ni hapana. Mtu akikufundisha patani yake usiende kuiuza kesho. Na vaa kazi yako mwenyewe siku hiyo, hata kama iko na kosa, hasa kama iko na kosa, juu washonaji wakiiona watakuja kuongea na wewe bila kuitwa, na lile swali la meza iko wapi linaisha.

Kurudi, shanga zikae kwa begi. Mimi nilifungua chupa moja ndani ya gari nikiangalia rangi tena, tukagonga tuta, na mpaka leo kuna 11/0 za bluu chini ya kiti cha matatu fulani ya Kisumu. Konda alinisaidia kuokota zingine akiniuliza, "Mathe, hizi unauza ngapi?"

Usiku huo huo kabla ulale andika kila ziploki: saizi, rangi, bei, umenunua kwa nani. Kesho utasahau, na rangi ile ikiisha utaihitaji kutoka kwa mtu yule yule. Na klasi irudie ndani ya siku mbili, shona kipande cha sentimita tano tu, usiongeze urembo. Ukikwama piga picha mahali umekwama umtumie yule jirani wa klasi, si ulichukua namba yake? Kama hukuchukua, hiyo ndiyo ya kuandika juu kabisa kwa karatasi ya mwaka ujao.