Vile unaweza kukusanya pyese (sarafu) za zamani zenye chapa ya pili, hata ukiwa Lubumbashi

Sisi watu wa Lubumbashi mukuba (shaba) tunaujua. Tunaujua ukiwa mwekundu, ukiwa mweusi wa siku nyingi, na ile kijani ya malakiti, jiwe la mukuba, tunaiona tangu utoto. Njo maana nasema mtu wa hapa anaweza kuwa mkusanyaji mzuri sana wa pyese za Wagiriki na Waroma, kwa sababu nusu ya kazi ni kusoma kijani inayofunika pyese za mukuba na bronzi za siku nyingi, na hiyo macho yetu yanaijua tayari.

Mimi napenda sana sana zile ziko na chapa ya pili, Wafaransa wanaita kontramake. Pyese ilishatengenezwa kitambo, inatembea sokoni miaka na miaka mpaka sura inaanza kufutika, kisha mji mwingine ao jeshi wanachukua kachuma kenye alama wanagonga juu yake, maana yake hii bado inapita hapa kwetu. Jeshi la kumi la Roma, lile lilikuwa ku vita ya kubomoa Yerusalemu mwaka 70, liligonga zake na herufi LXF, zingine na nguruwe-pori, zingine na mashua. Wakusanyaji wengi wanaona chapa hiyo ni kidonda, kwa hiyo mara nyingi bei inashuka, na hapo njo wewe mwenye franga kidogo unapata nafasi.

Kwanza jifunze miungu, usinunue kitu. Ukiona kichwa kimevaa ngozi ya simba, huyo ni Herakles, na nyuma yake ku pyese za feza za mfalme Alexander kuna Zeus, mkubwa wa miungu, amekaa na tai mkononi. Farasi mwenye mabawa ni Pegaso wa Korintho, mji ule ule wa barua za Paulo, na chini ya tumbo lake tafuta herufi kama duara lenye kamukia. Athena, mungu mwanamke, anavaa kofia ya vita. Pyese ninayoota kupata siku moja ni ya feza, kubwa, ya mji wa zamani wa Side, leo ni Uturuki: Athena mbele, nyuma Nike, mungu wa ushindi mwenye mabawa, anabeba taji ya majani, na pembeni komamanga, kwa sababu jina la mji lenyewe ni komamanga. Nyingi kati ya hizo zina chapa ya upinde ndani ya mfuko wake na herufi za kwanza za mji uliogonga, Pergamo, Efeso, Sarde, miji ile unasoma ku Ufunuo. Pyese moja, miji miwili inaongea.

Sasa kuangalia kama ni ya kweli. Chukua lupe (kioo cha kukuza) ya mara kumi na tochi ya telefone, laza mwanga ubavuni, usimulike kutoka juu. Angalia ndani ya shimo la chapa: ile sura ya kwanza inapaswa kuwa imesukumwa chini, na kijani inashuka ndani na kupanda tena bila kukatika. Kama ndani kunang'aa kama waya ya umeme uliochunwa leo, mtu aligonga juzi, acha. Geuza: pigo la kweli la chapa mara nyingi linalaza kidogo upande wa pili, pale pale nyuma ya chapa. Pitisha ukucha ku ukingo, ukisikia mstari unaozunguka, na ku lupe unaona vitundu vidogo vidogo kama vya povu ya sabuni, hiyo ilimiminwa ku kalibu, mara nyingi ni ya uongo. Pima uzito pia, uulinganishe na wa pyese za kweli za aina hiyo, balansi ya wauza dhahabu inatosha.

Na tafadhali usisugue. Bronzi yangu ya kwanza, aliniletea kaka yangu anayekaa Ubelgiji, ilikuwa na kichwa kidogo ndani ya duara, pale pale shingoni mwa kaisari. Nikaiweka ku limau na chumvi usiku mmoja, vile mama alikuwa anasafisha masufuria. Asubuhi ilikuwa nyekundu safi kabisa na kale kakichwa kameisha. Mpaka leo inaniuma.

Kununua: omba foto za pande zote mbili na za ukingo, uzito, na fakitire inayosema ilitoka ku mkusanyo gani. Muuzaji akisema imetoka udongoni sasa hivi, kimbia, kwa sababu Siria na Iraki watu wamechimba na kuiba sana, na Uturuki sheria inakataza kuzitoa. Sisi wenyewe misalaba ya mukuba ya wazee wetu ilitoka ku makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, tunajua maana ya kaburi kufunguliwa.

Kuweka: bahasha za karatasi, kila moja peke yake, andika juu uzito, mungu, chapa. Plastiki laini yenye kunuka usitumie, inatoa mafuta yanayokula metali. Mvua zikianza mwezi wa 11, pitia zote kila juma. Kijani ngumu haina shida, lakini ukiona unga wa kijani cheupe unaotoka ku kidole, huo ni ugonjwa wa bronzi, chumvi na unyevu vinakula ndani. Itenge siku hiyo hiyo, iloweke ku maji ya batri, yale safi yasiyo na asidi, ukibadilisha kila siku kwa majuma kadhaa, ikaushe vizuri kabisa, kisha ifunge ku kopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu unavyokuta ndani ya karto ya viatu.