Kukuza uyoga wa chaza ndani ya ndoo ya lita 20

Somo hili ni la ndoo moja. Anza na moja hata kama una nafasi ya kumi, maana ukikosea maji au joto utakuwa umekosea kwenye zote.

Tafuta ndoo yenye kifuniko iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Ya rangi usiiguse. Nunua kilo 2 za majani makavu ya ngano, yale yanayouzwa kwa marobota kwa wafugaji. Yawe ya manjano na yasiwe na harufu ya ukungu. Yaliyonyeshewa shambani yaache hata yakishushwa bei. Mbegu, yaani punje za nafaka zilizooteshwa utando wa uyoga, zinatosha gramu 400. Chuo kikuu cha JKUAT pale Juja huzalisha, na wapo wauzaji wengine. Punje ziwe zimefunikwa na utando mweupe na zinukie uyoga. Ukiona kijani, au ukisikia harufu ya kuchacha, rudisha.

1. Toboa. Matundu ya milimita 10, yaachane sentimita 15, kuzunguka ndoo yote. Ongeza mawili madogo chini ya kutolea maji. Osha kwa sabuni, pangusa kwa spiriti, kisha ziba yale ya ubavuni kwa plasta ya karatasi ya duka la dawa. Hiyo hupitisha hewa na kuzuia nzi.

2. Katakata majani kwa panga, vipande vya sentimita 5 hivi. Yakiwa marefu hayashindiliki, na utando hauvuki mapengo.

3. Pasha joto. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Majani yakae kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 80 kwa saa moja na nusu. Chini ya 60 ukungu haufi. Kuchemsha kwa masaa nako si dawa: unaua pia bakteria wanaovumilia joto, ambao wangeshindana na ukungu, na majani yanabaki uwanja mtupu kwa chochote kitakachoingia. Huna kipimajoto? Kwa mwinuko wa Nairobi maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Changanya sehemu tatu za maji yanayotokota na moja ya maji baridi, upate kama 75. Tia majani ndani ya gunia, lizamishe kwenye pipa, weka jiwe juu lisielee, funika, acha moto mdogo sana.

4. Chuja gunia likining'inia, saa tatu au nne. Kamata konzi, kamua kwa nguvu zote: yatoke matone mawili matatu. Maji yakichuruzika, ngoja. Yasipotoka kabisa, nyunyizia kidogo maji yaliyochemshwa yakapoa. Majani yaliyolowa mno hukosa hewa, huchacha na kunuka, na hapo mbegu haina lake.

5. Panda majani yakishapoa kabisa. Yakiwa ya moto yanaua mbegu. Nawa mikono, jipake spiriti, funga dirisha upepo usilete vumbi. Tabaka la majani, konzi ya mbegu, shindilia. Rudia hadi ndoo ijae. Funika.

6. Hifadhi kwenye giza, nyuzi 20 hadi 25, wiki mbili hadi tatu. Baridi ya Julai huongeza wiki. Usiiweke juu ya sakafu ya saruji yenye baridi, wala karibu na mabati yanayopigwa na jua, kwani ndani ya ndoo huwa kuna joto zaidi kuliko chumbani.

7. Zalisha. Ukichungulia ukaona weupe kila mahali, bandua plasta. Sasa unahitaji mwanga wa kuweza kusoma gazeti, hewa safi, na unyevu: tundika magunia mabichi, nyunyizia kuta mara mbili tatu kwa siku. Vichipukizi vyenyewe usivimwagie. Vuna shada zima kwa kulizungusha, kingo za kofia zikiwa bado zimejikunja chini. Zikishanyooka huanza kumwaga vumbi la mbegu, na kwenye chumba kidogo hilo ni kikohozi. Mavuno hurudi mara mbili hadi nne. Kilo 2 za majani makavu hutoa kilo 1 hadi 2 za uyoga kwa jumla. Anayekuahidi zaidi huenda ana mbegu za kukuuzia.

MASWALI YA WANACHAMA (kwa jina la mahali wanapoishi)

Kayole: Nimeona doa la kijani kwenye tundu moja. Nitupe yote?
Likiwa dogo na kwingine kumeshakuwa kweupe, paka chumvi hapo, tenga ndoo, endelea. Likiwa limesambaa, itoe nje kabla ya kuifungua. Sababu huwa joto halikutosha au maji yalizidi.

Pipeline: Wangu una shina refu na kofia kama kifungo cha shati.
Hewa chafu. Uyoga hupumua na kutoa kaboni dayoksaidi, ikijaa shina hurefuka. Fungua dirisha, kama hakuna, peleka ndoo kibarazani penye kivuli.

Rongai: Ni kweli unatibu kisukari? Mama yangu anataka kuacha vidonge.
Asiache. Ni chakula kizuri, si dawa ya kisukari. Kama unataka faida zaidi, ukate, uanike juani mchana: mwanga wa jua huufanya utengeneze vitamini D. Upike vizuri, usiliwe mbichi.

Kangemi: Naweza kupanda ule wa kwenye vichuguu? Ni mtamu kuliko huu.
Kwa ndoo hapana. Ule huishi na mchwa; wao ndio wanaoulimia ndani ya kichuguu. Na wa porini usiokote kwa kubahatisha: upo wenye sumu isiyoondoka kwa kupikwa, na dalili zake huweza kuchelewa zaidi ya saa sita, ini likiwa linaumia.

Kayole tena: Majani yakiisha nguvu?
Changanya na mabaki ya jikoni na samadi ya kuku, yaoze wiki sita hadi nane, kisha weka kwenye magunia ya sukuma wiki. Ukiyatia moja kwa moja yatanyang'anya udongo naitrojeni na sukuma itageuka manjano. Ndoo ioshe, utumie tena.