Jinsi ya kufundisha maisha ya Charles Stewart Parnell kwa vipindi vitatu

Somo la Parnell, mwanasiasa wa karne ya 19 aliyeongoza wapangaji na wabunge wa Ireland nchi hiyo ikitawaliwa kutoka London, huharibika kwa namna moja: mwalimu anaanza na kisa cha mke wa mtu, darasa linachangamka, kengele inalia, na hakuna aliyeelewa kwa nini serikali ya Uingereza ilihangaika na mtu huyu kwa zaidi ya miaka kumi. Mpango huu ni wa klabu ya historia ya sekondari, iwe Iringa, Njombe au Mbeya, kwa vipindi vitatu vya dakika 80. Kiini chake ni kimoja: Parnell alikuwa na nguvu pale aliposhika mashamba kwa mkono mmoja na Bunge kwa mkono mwingine. Chochote utakachoongeza, kirudishe hapo.

Andaa manila nne, kalamu za maka, na vifuko vitatu: maharage ya njano 67, maharage mekundu 50, punje za mahindi 17. Hesabu nyumbani, maana ukihesabia darasani unapoteza dakika kumi na utulivu wote. Ubaoni chora Ireland kwa mkono tu: Dublin mashariki, Wicklow kusini ya Dublin, Mayo magharibi, Clare chini ya Mayo.

Kipindi cha kwanza ni cha ardhi. Parnell alizaliwa 27 Juni 1846 katika jumba la Avondale, Wicklow, nchi ikiwa ndani ya njaa kuu iliyoua watu wapatao milioni moja baada ya viazi kuoza. Ugonjwa ule ni ukungu uleule unaobabua majani ya viazi Njombe na Uporoto. Usiueleze wewe. Waulize wanafunzi waliolima viazi: jani linaanzaje, shamba linaisha kwa siku ngapi, na nyumba isiyo na zao jingine inakula nini. Majibu yao yatafanya kazi kuliko manila yoyote.

Kisha eleza upangaji. Mwanafunzi wa Mbarali anajua kukodi jaruba kwa msimu mmoja. Mpangaji wa Ireland alikuwa hali nyingine: alizaliwa kwenye shamba lile, nyumba kajenga mwenyewe, lakini wengi wao wangeweza kufukuzwa kwa notisi, na walichojenga kikabaki kwa mwenye shamba. Wapangaji wengi walikuwa Wakatoliki. Wenye mashamba wengi walikuwa Waprotestanti wenye asili ya Uingereza, na Parnell alikuwa mmoja wao: Mwanglikana, mrithi wa Avondale baada ya baba yake kufariki mwaka 1859, aliyesoma Cambridge na kuondoka mwaka 1869 bila shahada. Mama yake alikuwa Mmarekani, binti wa Charles Stewart, ofisa wa jeshi la majini aliyepigana na Waingereza.

Hapa wanafunzi wa Iringa watamtaja Chifu Adam Sapi Mkwawa, mtu wa ukoo wa utawala aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mfano ni mzuri, uupokee, lakini uwekee mpaka mapema. Adam Sapi alitoka katika ukoo uliotawala Wahehe, watu wake mwenyewe. Parnell alitoka tabaka lililowatoza kodi watu aliowaongoza. Usipoweka mpaka huo, insha zitamwita Parnell chifu.

Kipindi cha pili ndicho kizito, kwa hiyo kianze kwa wakati. Andika kwanza: Aprili 1875, Parnell anaingia Bunge la London kwa jimbo la Meath, Oktoba 1879, Umoja wa Ardhi, chama cha kutetea wapangaji, unaundwa Dublin, yeye akiwa mwenyekiti. Mwanzilishi wake hasa ni Michael Davitt, mtoto wa mpangaji aliyefukuzwa Mayo, aliyekatwa mkono akiwa na miaka 11 baada ya kuumizwa na mashine kiwandani. Usimruke Davitt. Bila yeye mkono wa shamba haupo.

Septemba 1880, huko Ennis, Clare, Parnell aliuliza umati: afanywe nini mtu anayechukua shamba la jirani aliyefukuzwa? Wakapiga kelele apigwe risasi. Akasema iko njia bora: atengwe, njiani, dukani, sokoni hata kanisani. Vijiji vyetu vinajua uzito wa kutengwa. Mtu asiyefika kwenye misiba ya wenzake anajua atakavyozikwa. Wiki chache baadaye, wakala wa shamba Mayo, Kapteni Charles Boycott, alisusiwa mpaka mavuno yake yakavunwa na vibarua 50 kutoka kaskazini, wakilindwa na askari karibu 1,000.

Ndipo uingie Bungeni. Wabunge wa Parnell walizuia shughuli kwa kuongea tu. Kikao kimoja cha mwaka 1881 kilikwenda saa 41 mfululizo hadi Spika Brand akakifunga kwa uamuzi wake mwenyewe. Lifanye darasa lihesabu: wanafunzi 40, kila mmoja dakika mbili, kipindi chote kimekwisha na hoja haijapigiwa kura.

Sasa mwaga vifuko mezani. Kila mbegu ni wabunge watano baada ya uchaguzi wa 1885: njano ni Waliberali (335), nyekundu Wahafidhina (249), mahindi ni chama cha Parnell (86). Waambie wanafunzi waunde serikali imara bila punje moja ya mahindi. Watajaribu kila namna. Njano peke yake ni 67, na nyekundu pamoja na mahindi ni 67. Waache wagundue wenyewe, usiwasaidie. Baadaye hamisha maharage 19 ya njano kwenda kwa mekundu: hao ni Waliberali 93 walioupinga, Juni 1886, muswada wa Waziri Mkuu Gladstone, kiongozi wa chama chao, wa kuipa Ireland Bunge lake. Mezani tofauti itakuwa kama kura 20, ilhali ya kweli ilikuwa 30, kwa kuwa mbegu zinakadiria na si wabunge wote walipiga kura.

Kipindi cha tatu kina kesi mbili. Ya kwanza ni barua za kughushi zilizochapishwa na gazeti la The Times mwaka 1887, zikidai Parnell aliridhia mauaji ya Mei 1882 ya maofisa wawili wa serikali katika bustani ya Phoenix Park, Dublin. Februari 1889 wakili wa Parnell, Charles Russell, alimwandikisha Richard Pigott, mtu aliyezighushi, maneno machache, na Pigott akakosea neno lilelile lililokosewa kwenye barua. Ionyeshe kwa imla: somea darasa sentensi yenye "halafu", kusanya karatasi, tazama nani kaandika "alafu".

Ya pili ni talaka. Kapteni O'Shea alimshtaki mkewe Katharine Desemba 1889, akimtaja Parnell. Hukumu ikatoka Novemba 1890. Mwite Katharine, "Kitty" lilikuwa jina la wabaya wake. Wanafunzi watauliza kwa nini mapenzi yavunje chama. Jibu: Gladstone aliwategemea wapiga kura Waprotestanti wenye msimamo mkali wa ndoa, na maaskofu Wakatoliki nao wakamkataa Parnell. Desemba 1890 wabunge wengi wa chama chake walimwacha, wakatoka na naibu wake, Justin McCarthy. Tangu mapatano ya 1882 yaliyomtoa gereza la Kilmainham, Dublin, alikofungwa kwa ajili ya harakati za ardhi, Parnell alikuwa ameuachia mkono wa shamba. Bunge lilipomponyoka hakuwa na pa kushika. Wagombea wake walishindwa chaguzi ndogo tatu mfululizo. Alimwoa Katharine Juni 1891, akafa tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo, na miaka 45.

Kwa insha, maneno 400 yanatosha. Punguza alama kwa anayesema muswada wa 1886 ulipita, na kwa anayeandika kwamba ulitaka uhuru kama wa 1961: ulitaka Bunge la Dublin kwa mambo ya ndani, chini ya Malkia Victoria.