Namna ya kutunza mbegu ya Chabo: yule wa miguu mirefu usimchinje

Chabo ni kuku wadogo wa Kijapani, wale wa miguu mifupi mpaka tumbo linakaribia kugusa chini na mkia umesimama wima umepita kichwa (jina lisikuchekeshe, hapa hakuna anayepigwa chabo). Kwao wanaheshimika hasa, tangu 1941 wamo kwenye urithi wa asili unaolindwa na serikali ya Japani. Ukibahatika kupata jozi, kuzaa watazaa tu, kazi iko kwenye kuhakikisha wajukuu nao ni Chabo.

Sasa mtu anachukua jogoo mfupi na tetea mfupi, anaweka mayai 12, yanatotoa 9, anaanza kuilaumu mashine. Mashine haina kosa. Ule ufupi unatoka kwenye kinasaba kimoja, kifaranga akikirithi kwa mzazi mmoja anakuwa mfupi, akikirithi kwa wote wawili anafia ndani ya yai, tena mara nyingi siku za mwanzo kabisa, ndo maana ukimulika tochi siku ya 7 unakuta duara la damu. Kwahiyo kwenye mayai 12 yenye mbegu, kwa wastani 3 yanakufa, 6 wanatoka wafupi na 3 wanatoka na miguu mirefu. Hao 3 ndo watu wanawapeleka jikoni wakidhani wameuziwa chotara, jamani! Chukua mmoja umpandishe na mfupi uone: wafupi 6, warefu 6, na hakuna anayekufa kwa kinasaba hicho. Yaani wafupi ni 6 vilevile ila mayai 3 hujayapoteza. Mrefu kwa mrefu usijisumbue, mfupi hatoki hapo.

Ila sio kila mrefu anafaa, mchague kwa mengine: umbo dogo, kifua mbele, mkia wima. Mkia ukilalia upande mmoja huyo mtoe kwenye uzazi hata kama rangi yake inakutoa mate, kasoro hiyo inarithiwa. Na wale wa manyoya ya kujikunja usiwapandishe wenyewe kwa wenyewe, utapata vifaranga wa manyoya membamba yanayokatika ovyo, mpe mwenzie wa manyoya ya kawaida.

Kingine ni damu. Ukipandisha kaka na dada mwaka hadi mwaka mayai yanaacha kushika na vifaranga wanalegea. Mimi napenda mtindo wa mabanda matatu, matetea wanabaki kwao, vijogoo wa banda A wanahamia B, wa B wanaenda C, wa C wanarudi A, kila mwaka hivyohivyo, na kila kuku ana pete mguuni na mstari wake kwenye daftari (kichwani utasahau, nakuambia). Ukibadilisha jogoo usikusanye mayai ya kutotolesha mpaka wiki 3 zipite, tetea bado ana mbegu za yule wa zamani tumboni.

Bandani weka maranda makavu muda wote kwasababu kwa miguu ile tope linaishia tumboni, na kichanja kiwe chini kabisa. Chanjo ya mdondo (ugonjwa wa Newcastle) usiruke, ile I-2 ni tone moja jichoni kila miezi 3. Halafu jogoo mmoja na matetea wawili wapeleke kwa mtu unayemwamini, mtaa mwingine kabisa, mdondo ukipita kwako uwe na pa kuanzia.