Kabla ardhi haijatikisika: kabati, viatu, gesi na maji

Lala chali kitandani kwako, taa ikiwaka, utazame kuta zote nne. Kilichoning'inia juu ya kichwa chako, au kilicho kirefu kuliko kiuno cha mtu mzima, kinaweza kukuangukia: picha yenye kioo, rafu ya vitabu, sanduku lililopandishwa juu ya kabati. Maandalizi ya tetemeko la ardhi yaanzie hapo. Katika nyumba zinazobaki zimesimama, watu huumizwa zaidi na vitu vya ndani, vipande vya vioo na mbio zao wenyewe.

Kitanda kisikae chini ya dirisha. Vitu vizito vishuke kwenye rafu za chini. Kisha lishughulikie kabati. Lifunge ukutani kwa pembe mbili za chuma zenye umbo la L karibu na kilele chake, na skrubu zizame kwenye fremu. Kosa linalorudiwa sana ni kuzipiga kwenye ubao mwembamba wa mgongoni. Ubao huo huchanika, kabati likaanguka na pembe zikabaki ukutani. Upande wa ukuta nako kuna mtego wake: skrubu fupi huishia kwenye plasta, na plasta haina nguvu ya kushika kitu. Toboa kwa dreli mpaka ndani ya tofali lenyewe, usitoboe kwenye maungio, weka plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, ndipo ukaze. Tangi la maji ya moto linahitaji mikanda miwili ya chuma, mmoja theluthi ya juu na mmoja theluthi ya chini, maana mkanda mmoja wa katikati huliacha lipinduke. Kabati la vyombo liwekewe komeo, kwa kuwa sumaku za milango huachia mara moja.

Viatu vya kufunika mguu mzima, tochi na filimbi viwe kwenye mfuko uliofungwa kwenye mguu wa kitanda. Vikiachwa sakafuni hivi hivi, huteleza gizani au kujaa vigae vya vioo, nawe ukishachanika nyayo huwezi kumsaidia mtoto aliye chumba cha pili.

Mtungi wa gesi ufungwe ukutani kwa mnyororo, na kila mtu mzima nyumbani aifunge valvu yake kwa mkono wake angalau mara moja, ili mkono uzoee. Kama gesi inakuja kwa bomba, spana ikae palepale penye valvu kuu. Bomba lifungwe ukisikia harufu au mlio wa gesi inayovuja. Likishafungwa, afungue fundi. Penye harufu hiyo usiwashe kiberiti wala kugusa swichi, hata ya kuzima. Fungua madirisha, toka nje.

Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi mdogo. Familia ya watu 5 inahitaji lita 60 kwa siku 3, na kama nafasi ipo, lita 280 kwa wiki 2. Gawa kwenye madumu mengi madogo, kwani dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, nalo likipasuka umepoteza yote. Maji maangavu yasiyo salama hutibiwa kwa matone 2 ya dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, kwa kila lita. Koroga, subiri dakika 30. Yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa kwanza, kisha tia matone 4.

Zoezi lenyewe lifanyeni mara mbili kwa mwaka, watoto wakiwemo: piga magoti, ingia chini ya meza imara, shika mguu wake. Kushika ni lazima, kwa sababu meza hutembea na kukuacha wazi. Pasipo na meza, jikunje kando ya ukuta wa ndani, mikono ikifunika kichwa na shingo. Aliye kitandani abaki, alale kifudifudi, mto kichwani. Kusimama mlangoni ni mazoea ya zamani. Fremu haina nguvu ya ziada, na mlango unaopigapiga huvunja vidole. Kutoka mbio pia ni hatari, kwani vigae vya paa na matofali humwagika hapo hapo mbele ya nyumba. Isipokuwa nyumba ya matofali ya udongo yenye paa zito: ukiwa ghorofa ya chini karibu na mlango, na nje pana uwazi, toka upesi.

Mnaokaa pwani, pangeni mapema njia ya kupanda penye mwinuko ili kukimbia tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari yanayoweza kufuata tetemeko, na muitembee kwa miguu. Mtikisiko mkali, au unaozidi sekunde 20, ndio onyo lenyewe, msingoje king'ora. Lengeni mita 30 juu ya usawa wa bahari au kilomita 3 kutoka ufukweni, na mkae huko saa kadhaa, kwa maana mawimbi huja mengi na la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote.

Chagueni ndugu mmoja wa mbali ambaye kila mtu atamtumia ujumbe mfupi. Ujumbe mara nyingi hupita hata simu zinapogoma. Namba yake iandikwe kwenye karatasi, iwekwe kwenye begi la kila mtoto.