Kuwapeleka wanafunzi mahali babu zao waliposhukia: mwongozo kwa walimu wa Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi hauna jengo moja ambalo mwalimu anaweza kulionyesha kwa kidole na kusema kwamba hapo ndipo wageni wote walipopokelewa. Marekani wanayo majengo ya namna hiyo. Kituo cha Ellis Island, karibu na New York, kilipokea wahamiaji kuanzia mwaka 1892 hadi 1954, na tangu 1990 ni makumbusho. Kile cha Angel Island, karibu na San Francisco, kilifunguliwa mwaka 1910, na Wachina waliozuiliwa humo walichonga mashairi katika kuta za mbao ambayo wanafunzi wa leo huenda kuyasoma. Mwaka huohuo wa 1910 reli iliyotoka kusini ilifika Élisabethville, yaani mji wetu huu kabla haujaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Kuta zetu, hata hivyo, hazikuandikwa mashairi. Kilichobaki kimo katika majina ya mitaa, katika masanduku ya chuma yaliyowekwa chini ya vitanda, na katika vinywa vya wazee. Kwa hiyo ziara ya historia ya uhamiaji katika mji huu hupangwa kinyume na ile ya makumbusho ya kawaida: nusu ya kazi hufanyika nyumbani kwa mwanafunzi, kabla ya kupanda basi.

Wiki moja kabla ya ziara, mpe kila mwanafunzi karatasi yenye swali moja tu, lenye vipande vitatu: katika familia yenu, nani alifika Lubumbashi wa kwanza, alipitia njia gani, na nani alimwita? Walimu wengi huandika maswali kumi na mawili, kisha hupokea majibu kumi na mawili ya neno mojamoja. Swali hili linatosha, na kipande chake cha tatu ndicho chenye mali. Mtoto mmoja atajibu kwamba babu yake aliitwa na kaka yake aliyekuwa tayari na kazi. Mwingine atasema aliandikwa kijijini na watu wa kampuni. Wa tatu atasema hakuna aliyemwita, alikimbia deni au ugomvi wa urithi. Majibu hayo matatu yakiwekwa ubaoni, darasa limekwisha kuanza kuelewa jinsi mji ulivyojaa watu, hata kabla mwalimu hajataja tarehe yoyote.

Usiulize kabila. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kosa rahisi kuliko yote, na katika mji huu halisameheki haraka. Swali la njia humfanya mtoto asimulie safari, ilhali swali la kabila humfanya ajihesabu yuko upande gani. Vilevile, mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna anayejua, au ambaye familia yake imefika juzi kutoka Kivu au kutoka vijijini kwa sababu ya vita, aambiwe mapema kwamba jibu lake lina uzito sawa na la yule ambaye babu wa babu yake alifika kwa treni ya kwanza.

Mwalimu mwenyewe anapaswa kuwa na historia fupi kichwani, bila kuisoma mbele ya watoto. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Wakazi wa maeneo ya karibu walikuwa wachache, na wengi wao hawakuwa na haja ya kuacha mashamba yao ili kufanya kazi ya hatari kwa mshahara mdogo; ndiyo sababu iliundwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, mwaka 1910. Wengine waliandikwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kuanzia mwaka 1925 waliletwa pia watu kutoka Rwanda na Burundi, na reli iliyofika Ilebo mwaka 1928, wakati huo ikiitwa Port-Francqui, ilirahisisha njia ya kutoka eneo la Kasai. Mwanzoni mikataba ilikuwa ya miezi michache na mwanamume alikuja peke yake; baadaye, kampuni ilipoona kwamba watu wanaokuja na kuondoka wanaigharimu, iliongeza muda wa mikataba na kuruhusu wake na watoto kukaa kambini. Anguko la bei ya shaba mwanzoni mwa miaka ya 1930 liliwarudisha wengi makwao. Mengine unaweza kuyaacha.

Kuhusu wakati wa kwenda, mwezi wa Mei unafaa kuliko mingine: mvua zimekatika, vumbi bado si kali, na mitihani ya kufunga mwaka bado haijawashika watoto. Septemba na mwanzo wa Oktoba ni chaguo la pili, ingawa joto linakuwa limepanda. Kuanzia Novemba usijaribu, kwa kuwa mvua moja ya saa nane mchana inatosha kuharibu ziara yote.

Barua za ruhusa ziandikwe wiki tatu kabla, zikiwa na sahihi ya mkuu wa shule (prefe au direkta) na muhuri wa shule, na kila barua iwe na nakala itakayotiwa muhuri wa kupokelewa mbele yako. Niliwahi kumwachia mlinzi wa ofisi moja barua yangu kwa kuamini ahadi yake, na siku ya ziara wanafunzi arobaini na wanane walisimama juani mbele ya lango kwa saa nzima huku wenye ofisi wakisema hawajaona karatasi yoyote. Tangu siku hiyo siondoki bila muhuri. Kama unataka kupiga picha kituoni au karibu na majengo ya kampuni ya madini, ruhusa ya picha iandikwe waziwazi katika barua. Isipoandikwa, simu zote zibaki shuleni, pamoja na ya mwalimu.

Chagua mahali patatu, si zaidi. Mimi huanza na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, na sababu yake si kwamba ni mahali pa heshima. Humo watoto huona vitu vilivyochimbuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba na misalaba midogo ya shaba ambayo watu wa nchi hii waliiyeyusha na kuitumia katika biashara na mahari karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Mtoto aliyeishika picha ya msalaba huo akilini hatasema tena kwamba shaba ilivumbuliwa na Wazungu, wala hatadhani kwamba watu walianza kuhama siku reli ilipofika. Mwombe kiongozi wa makumbusho atumie dakika arobaini kwa chumba kimoja, kwa sababu watoto wanaozungushwa vyumba vyote hukumbuka miguu iliyochoka tu.

Mahali pa pili ni kituo cha reli. Huenda siku hiyo hakutakuwa na treni hata moja, na watoto watavunjika moyo msipowaandaa. Kazi yao pale ni kuchora njia: Cape Town, Bulawayo, maporomoko ya Victoria, Ndola, Sakania, Lubumbashi. Kila kundi la wanafunzi kumi liwe na mwandishi, mtunza saa na mchoraji, na watu wazima wawe angalau mmoja kwa kila kundi. Baada ya ramani, waulize ni nini kingine kilichopanda treni hiyo mbali na watu. Watataja mablanketi, magonjwa, gitaa. Kama hawakutaja lugha, itaje wewe. Katika miaka ya kwanza amri za kazini zilitolewa kwa lugha ya vibarua iliyotoka migodi ya kusini, na ni baadaye ndipo kampuni na serikali ya kikoloni zilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Kiswahili tunachosema Lubumbashi, ambacho walimu wa sarufi hukionea haya bila sababu, ni ushahidi wa uhamiaji ulio hai kuliko jengo lolote. Wape watoto maneno kama posho, kapita (msimamizi wa kazi) na buku (kitabu), nao watafute kila neno lilitoka wapi. Ni zoezi linalopendwa, na halina gharama.

Kutoka kituoni, kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru na bomba refu la moshi huonekana vizuri kwa mbali, na kwa mbali kunatosha. Usiwapandishe watoto huko, hata kama kijana fulani atajitolea kuwapitisha.

Mahali pa tatu, na hapa ndipo pa kutumia muda mrefu, ni Kamalondo, komini (wilaya ya mji) iliyoitwa zamani Albert, mojawapo ya makazi ya kwanza ya Waafrika nje ya kambi za kampuni. Kati ya makazi hayo na mji wa Wazungu uliachwa uwanda mtupu makusudi, na ukiwatembeza watoto kwa miguu kutoka katikati ya mji badala ya kuwapakia basini, watauelewa utengano ule kwa miguu yao. Andaa mapema lupango tano, yaani nyumba pamoja na nyua zake, ambazo wenyewe wamekubali kupokea kundi dogo. Angalau wawili kati ya wasimulizi wawe kina mama, kwa sababu wanaume wengi husimulia kazi na mabosi, lakini mama ndiye anayejua posho ya wiki iligawanywaje, kuni zilitoka wapi, na jirani wa lugha nyingine alisalimiwaje siku ya kwanza.

Wafundishe watoto namna ya kuingia. Wapige hodi, wasalimie wote waliopo, waseme Papa au Mama bila kuongeza jina, wakae pale wanapoonyeshwa, na mmoja tu aulize kwa wakati mmoja. Mzee akinyamaza, wasikimbilie swali la pili. Mara nyingi ukimya huo ni mlango. Msimlipe kwa fedha, lakini msifike mikono mitupu: sukari, sabuni au chumvi vinatosha. Mkisha kusikiliza, mwombeni awaonyeshe kitu kimoja cha zamani, kama vile pasi ya makaa, cherehani, medali au kitabu cha kazi. Tangu mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za wakazi kwa njia inayofanana na hii, na imeonekana kwamba chombo cha nyumbani hufungua mdomo kuliko swali.

Mambo mazito yatatajwa, na ni afadhali uwe tayari. Mzee anaweza kusimulia mgomo wa Desemba 1941, ambapo askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika katika uwanja wa mpira, na Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, akauawa. Mwingine anaweza kutaja miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wengi wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika jimbo la Katanga na kungoja treni kwa muda mrefu katika vituo vya Likasi na Kolwezi. Usimkatize, wala usiwageukie watoto na kuanza kueleza nani alikuwa na haki. Sema tu kwamba jambo hilo lilitokea, kwamba katika darasa lenu wamo wajukuu wa pande zote, na kwamba mtalizungumza shuleni. Kisha lizungumzeni kweli siku inayofuata; ahadi ya namna hiyo ikiachwa, watoto hujaza nafasi kwa maneno wanayoyasikia mtaani.

Shuleni, kila kundi liandike ukurasa mmoja katika safu mbili: upande mmoja tuliyoyaona, upande wa pili tuliyoambiwa. Safu hizo zikipingana, msizilazimishe kukubaliana. Mzee mmoja alituambia kwamba baba yake alikuja kwa miguu mwaka uleule ambao jirani yake aliapa kwamba watu wote waliletwa kwa gari la moshi, na darasa lilijifunza mengi katika kuzifuata njia hizo mbili kwenye ramani kuliko katika somo langu zima.

Baada ya wiki mbili, mwanafunzi mmoja wa kila kundi arudi katika lupango ileile pamoja na mwalimu, amsomee msimulizi ukurasa huo kwa sauti na kwa Kiswahili anachokitumia mwenyewe, kisha asahihishe papo hapo kila atakapoambiwa, na nakala safi ibaki kwa mwenye habari.