Somo: Kutafuta matofali ya kuzibia ufa katika nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma

Somo hili linawahusu wenye nyumba za matofali ya kuchoma ambazo wazazi wetu walizijenga Iringa, Njombe na Mbeya, zisizo na plasta nje, na ambazo ufa umepita hadi ndani ya matofali yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ufa umetulia. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, kisha acha msimu wa mvua na wa kiangazi vipite. Ukirefuka, shughulikia kwanza msingi, mizizi au maji ya paa.

Hatua ya pili, chomoa tofali moja zima kwa tindo na ulipime urefu, upana na kimo. Pima pia kozi kumi, yaani mistari kumi ya matofali, pamoja na jointi zake (nafasi zilizojazwa kati ya matofali), kwa sababu matofali ya mkono hayalingani. Udongo husinyaa unapokauka na tena unapochomwa, hivyo kibao kilekile cha kufyatulia kinaweza kutoa matofali ya vipimo tofauti katika matanuri mawili. Nenda na tofali lenyewe. Picha ya simu hudanganya rangi.

Hatua ya tatu ni kutafuta, na uanzie uani kwako: jiko la nje lisilotumika au choo kilichobomoka huenda kilijengwa kwa udongo wa bonde lilelile. Baada ya hapo ulizia nyumba zinazobomolewa mtaani, na tanuri liwe la mwisho. Tanurini, matofali yaliyokaa karibu na midomo ya moto huwa meusi na magumu, ya pembeni hupauka na kuwa laini, kwa hiyo omba kuchagua mwenyewe, juani. Gonga mawili: yaliyoiva hulia kwa mlio mkali. Hata hivyo, usichukue gumu kuliko la zamani kwa tofauti kubwa.

Hatua ya nne, lowesha matofali, kisha uyajenge kwa mota ya saruji 1, chokaa 2 na mchanga 9. Katika nyumba ya mama yangu nilijaza ufa kwa saruji kali, na baada ya misimu miwili ya mvua nyuso za matofali ya kandokando zilibanduka huku saruji yangu ikiwa imara. Jambo hilo bado linaniuma, maana ukuta ule ulikuwa mzuri.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimepata yenye rangi ileile lakini ni mafupi kwa sentimita moja. Niyatumie?
Jibu: Ndiyo, ndugu, iwapo upungufu uko kwenye urefu, kwani utaugawa katika jointi za wima. Upungufu wa kimo usiukubali, kwa kuwa kozi hazitakutana na za zamani.

Swali: Yangu ni mekundu mno. Je, niyapake rangi?
Jibu: Hapana. Rangi hubanduka na huzuia unyevu kutoka. Chomoa matofali ya zamani machache kutoka ukuta wa nyuma, uyalete mbele, na hayo mapya uyajenge huko nyuma.

Swali: Ninunue mangapi?
Jibu: Hesabu yaliyopasuka, kisha ongeza robo, kwa sababu mengine huvunjika wakati wa kuchomoa. Yatakayobaki yahifadhi pakavu.